Karatasi ya "MARUFUKU SIASA KAZINI" ndiyo inayoleta ugomvi. Anayebisha aje na hoja

#1 Karani_wa_Zamu

Wakuu, salamu.

Naweka dai, mlibomoe. Uchaguzi ukikaribia, menejimenti nyingi zinabandika karatasi kwenye ubao wa matangazo: NI MARUFUKU KUZUNGUMZA SIASA ENEO LA KAZI. Mhuri unagongwa, kazi imeisha. Mazungumzo hayafi, yanahama. Yanatoka kantini, ambako yupo mzee mmoja wa kusema "jamani, basi", yanaingia kwenye kagrupu ka WhatsApp ka watu saba wanaowaza kitu kimoja. Humo wanapashana moto wiki nzima. Jumatatu wanaingia zamu wamemnunia mwenzao, na mwenyewe hajui kosa lake.

Mimi nasema ruhusu, ila weka mipaka mitatu inayoonekana.

Mahali: kantini, chini ya mwembe, kituo cha basi la kampuni. Si kwenye mashine, si kaunta mbele ya mteja, si ndani ya gari wakati dereva anaendesha.

Muda: mapumziko tu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, hapa Tanzania, inampa anayefanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo mapumziko ya dakika 60. Kengele ikilia mada imekufa, hata kama ulikuwa katikati ya pointi tamu.

Kitu chenyewe: sera, bajeti, barabara, bei ya mafuta, kauli ya kiongozi, ruksa. Kura ya mtu, kabila lake, dini yake na kwao, hapana.

Kwenu mnafanyaje? Na mpaka upi huwa unavunjika kwanza?

#2 Siti_ya_Mbele

Nimekaa. Kahawa na kashata zipitishwe huku.

#3 Mama_Mishahara

Mleta mada umeruka mpaka mkubwa kuliko yote: cheo.

Anayepanga zamu, anayesaini likizo na kujaza tathmini hana "maoni yangu binafsi" mbele ya walio chini yake. Leo kantini anatupa neno kwamba wafuasi wa chama fulani hawana akili. Kesho kutwa anamkatalia mmoja wao likizo kwa sababu halali kabisa, labda watu watatu tayari wako likizo. Hakuna atakayeamini hiyo sababu. Atakuwa ameharibu uamuzi sahihi kwa sentensi moja ya juzi.

Msimamizi akae mezani, ale, aulize maswali akitaka. Upande asiutaje. Na asicheke utani wa upande mmoja, maana kicheko cha bosi kinahesabiwa.

#4 Wakili_wa_Kiporo

Tuweke sheria mezani kabla hatujafika mbali. Naongelea Tanzania Bara.

Kifungu cha 7 cha sheria aliyoitaja #1 kinakataza ubaguzi kazini, na maoni ya kisiasa yametajwa humo pamoja na dini, kabila, jinsia, ulemavu na mengine. Kwa hiyo karatasi ya ubaoni inaweza kuzuia porojo saa za kazi, kwa sababu ni saa za kazi. Haiwezi kumwadhibu mtu kwa upande anaouunga mkono.

Upande wa pili, Kanuni za Utendaji Bora, Tangazo la Serikali Na. 42 la 2007, zinataja kumpiga mfanyakazi mwenzako miongoni mwa makosa yanayoweza kukufukuzisha hata kama ni mara ya kwanza. Hapo hutetewi na "alinitukania mgombea wangu".

Ukiachishwa na unaamini sababu ni siasa, nenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Migogoro mingine ya kazi ni siku 60. Watu wengi wanapoteza haki kwa kuhesabu vibaya tarehe, si kwa kukosa ushahidi.

#5 Halmashauri_Damu

Kwa sisi watumishi wa umma mjadala umefungwa zamani. Haturuhusiwi kuwa na chama, kwa hiyo hakuna cha kubishania.

#6 Wakili_wa_Kiporo

#5 hapana. Unachanganya makundi mawili. Waliokatazwa kujiunga na chama na Katiba yenyewe, Ibara ya 147, ni wanajeshi, na kwa tafsiri ya ibara hiyo wamo Jeshi la Ulinzi (JWTZ), Polisi, Magereza na Jeshi la Kujenga Taifa (JKT). Hao kura wanapiga, kadi hawana. Mtumishi wa umma wa kawaida anaweza kuwa mwanachama wa chama chochote. Anachokatazwa ni kufanya siasa saa za kazi na mahali pa kazi, na kutumia nyaraka au taarifa za ofisi kwa faida ya chama.

Kadi ikae mfukoni. Bango lisikae kwenye dawati.

#7 Halmashauri_Damu

Nimekuelewa mkuu. Ila mtaani tunavyoaminishwa ni tofauti.

#8 Ouma_wa_Viwandani

Niko Nairobi. Huku kwetu mambo ni makali zaidi kwa mtumishi wa umma. Sheria ya Uongozi na Maadili ya 2012, kifungu cha 23, inasema usionyeshe kuunga mkono wala kupinga chama au mgombea katika uchaguzi. Si suala la saa za kazi pekee. Kwa sekta binafsi tunalindwa na Katiba, Ibara ya 27, huwezi kubaguliwa kwa siasa.

#9 Dada_wa_Kumbukumbu

Ouma, nusu ya kwanza uko sawa. Nusu ya pili, hebu fungua hiyo Ibara ya 27(4) uisome tena. Utaona rangi, jinsia, kabila, dini, dhamiri, imani, lugha, mavazi. Neno siasa halimo. Liko kwenye Sheria ya Ajira ya 2007: kifungu cha 5 kinataja maoni ya kisiasa au mengineyo katika ubaguzi, na kifungu cha 46 kinasema maoni ya kisiasa au kuegemea chama si sababu halali ya kumfuta mtu. Wakili anaweza kubishana kwamba "dhamiri" au "imani" inatosha, lakini usiende mbele ya mwajiri na kifungu ambacho hujakisoma.

Na kabla hamjafurahi: kifungu cha 44 cha sheria hiyo hiyo kinahesabu kumtukana mwajiri, au mtu aliyewekwa kuwa juu yako, kuwa kosa kubwa. Kwa hivyo ukimwita meneja "mjinga wa chama fulani", neno linalokumaliza ni "mjinga". Chama ni mapambo tu. Hata hivyo kifungu cha 41 kinakupa haki ya kusikizwa kwanza, ukiwa na mfanyakazi mwenzako au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi umchague mwenyewe.

#10 Ouma_wa_Viwandani

Asante dada. Nimeisoma, uko sawa.

#11 Kijana_wa_Ghala

Wakubwa, sheria ni nzuri ila ghalani hakuna anayefungua kifungu. Pale kuna katoni 400 za kushusha na wawili hawapeani mikono. Nielezeni maneno. Mtu anasemaje mezani ili yasifike huko?

#12 Mzee_wa_Mapatano

Kijana, hilo ndilo swali la maana kuliko yote humu. Kazi yangu ni kupatanisha wafanyakazi, nitakupa yanayofanya kazi.

Kwanza, toa "nyinyi" mdomoni. "Nyinyi watu wa chama fulani mmeuza bandari" inamtaka mwenzako ajibu kwa niaba ya watu milioni. "Mimi ule mkataba siuelewi, hasa kipengele cha muda wake" inamtaka ajibu kuhusu mkataba.

Pili, kabla hujapinga, rudisha alichosema kwa maneno yako, mpaka akubali: "Yaani unasema ushuru ushuke kwanza, ndiyo mapato yatapanda?" Akisema ndiyo, sasa pinga. Mabishano mengi ya kantini watu wanapinga jambo ambalo halikusemwa.

Tatu, usiulize kura. "Kwani ulimpigia nani?" linafanana na swali la kirafiki lakini ni upekuzi. Kura ni ya siri kwa sheria, na akikataa kujibu ukimya wake unageuzwa jibu.

Nne, mlango wa kutokea uwe umekubaliwa mapema na timu nzima. Neno moja fupi. Timu nyingine hutumia "tukaoshe vyombo". Likitamkwa na yeyote, mada inafungwa bila mtu kuhesabiwa kashindwa. Linaharibika pale mtu anapolitumia akishamaliza kusema yake, kabla mwenzake hajajibu. Kwa hiyo ongeza sharti: anayelitamka ni yule ambaye hakusema mwisho.

Tano, sauti. Wawili wakianza kusimama wakiongea, wakalisheni. Ugomvi wa watu waliokaa hupanda polepole.

#13 Karani_wa_Zamu

#12 hapo kwenye "ambaye hakusema mwisho" umenimaliza. Naichukua kama ilivyo.

#14 Mtani_wa_Kudumu

Mnachanganya mambo kwa kutafuta taratibu mpya wakati tunazo. Tanzania tuna utani. Mngoni na Mhehe, Mpare na Mchaga, Mnyamwezi na Mzaramo wanaambiana maneno ambayo kwingine mtu angetoa panga, halafu wanakula sahani moja. Simba na Yanga hivyo hivyo, ofisi nzima inachekana Jumatatu na kazi zinaenda. Siasa iwekwe humo humo kwenye utani, iishe.

#15 Mama_Mishahara

Utani una masharti, mtani. Kila upande una haki ya kurudisha, kwa uzito uleule. Siasa ya kazini haina hiyo haki: mmoja anaweza kumtania mwenzake hadharani na mwenzake akaogopa kurudisha, kwa sababu hajui ni nani mezani ataibeba hiyo kauli. Utani wa upande mmoja ni kumdhalilisha mtu huku mnacheka.

Na Simba na Yanga hakuna anayepewa kandarasi kwa kushangilia.

#16 Mtani_wa_Kudumu

Hapo mwisho sina uhakika mama 😂

#17 Siti_ya_Mbele

Suala la mavazi nani atalijibu? Mtu akija na jezi ya kijani na njano, mlinzi getini atajuaje kama ni Yanga au ni chama?

#18 Karani_wa_Zamu

Kanuni isiseme rangi, iseme maandishi na nembo. Nembo ya chama, jina au picha ya mgombea, kauli mbiu ya kampeni: haiingii kwenye fulana, kofia, kanga, kikombe, stika ya kompyuta, wala mlio wa simu. Mlio wa simu unasahaulika sana. Wimbo wa kampeni ukilia mara sita kwa siku kwenye chumba cha watu kumi, hata wanaokipenda chama wanachoka.

Kanga iangaliwe kwa busara. Akina mama wengi wa usafi wanajifunga kanga ya kampeni ya uchaguzi uliopita kwa sababu ni kanga nzuri ya bure. Usimwandikie mtu barua ya onyo kwa kanga ya kupigia deki. Mpe aproni.

#19 Fundi_Grupu

Nimesubiri mtu aguse WhatsApp kwa kina, naona mnapita juu juu. Nusu ya ugomvi wa siku hizi unaanzia kwenye grupu la idara. Mpangilio unaofanya kazi ni huu.

Grupu mbili, kamwe si moja. Ya kwanza ni ya kazi: zamu, dharura, matangazo. Weka mpangilio wa admini pekee kutuma, au kama watu lazima wajibu, acha wazi lakini andika kwenye maelezo ya grupu kwamba kinachoingia ni kazi tu. Kila mfanyakazi yumo. Ya pili ni ya kijiwe: kuingia hiari, kutoka hiari, na hakuna tangazo la kazi linalowekwa humo hata siku moja. Ukiweka ratiba ya zamu kwenye kijiwe umemlazimisha mtu kukaa kwenye matusi ili ajue anaingia lini.

Admini wawili wa kijiwe, wenye mielekeo tofauti inayojulikana, na wasiwe wasimamizi. Admini anaweza kufuta ujumbe wa mtu yeyote kwa wote. Wakubaliane: kufuta ni kwa sababu ya tusi, kabila, dini au picha ya maiti. Kutokubaliana nao si sababu. Anayefuta anaandika mstari mmoja wa sababu palepale, la sivyo kila ufutaji unasomwa kama upendeleo.

Vya kusambazwa ndiyo sumu. Ujumbe uliopita mikono mingi unaonyesha mishale miwili, na WhatsApp yenyewe inakuzuia kuupeleka zaidi ya mazungumzo mamoja kwa wakati. Kanuni rahisi ya grupu: chenye mishale miwili hakiingii. Ukitaka kukisema, kiandike kwa maneno yako. Tisa kati ya kumi wanaona uvivu, na hapo umeshapunguza moto bila kumkataza mtu maoni.

Ukiandika kwa hasira una dakika 15 za kuhariri, na kama siku mbili na nusu za kufuta kwa wote. Usitegemee. Skrinishoti inachukua sekunde moja.

Ukichoka usitoke kwa kishindo na hotuba ya kuaga. Zima sauti ya grupu, "daima". Ukiamua kutoka, siku hizi wanaoarifiwa ni admini tu.

#20 Chalii_wa_Usiku

Tisa kati ya kumi umeipata wapi mkuu?

#21 Fundi_Grupu

Nimeitoa kichwani, usiinukuu popote. Ukisoma "wengi" inatosha.

#22 Bibi_Kaunta

Fundi ameeleza vizuri lakini anatibu homa, malaria ameiacha. WhatsApp haimfanyi mtu amchukie mwenzake. Kinachowachukiza ni tonge. Angalieni ni idara gani zinagombana kwa siasa: zile ambazo mikataba ni ya miezi sita, nafasi moja ya kudumu inagombewa na watu watano, na inasemekana mwenye mtu juu ndiye atapata. Hapo chama ni jina la njia ya kupata kazi. Kwenye idara ambayo kupandishwa daraja kunafuata utaratibu ulioandikwa na matokeo yanabandikwa, watu wanabishana siasa wakitafuna mihogo na hakuna anayenuna.

#23 Kipkorir_Mrefu

Bibi, Tanzania labda. Kenya tusidanganyane, ni kabila. Ofisini hakuna mtu anabisha sera. Jina lako la pili likitajwa, kura yako imeshahesabiwa kabla hujafungua mdomo. Ndiyo maana ilibidi tuwe na Tume ya Uwiano na Utangamano, na ile sheria ya 2008 inayompeleka mtu jela kwa kutukana chama cha mwenzake.

#24 Dada_wa_Kumbukumbu

Kipkorir, sheria hiyo haisemi chama. Kifungu cha 13 cha Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ni matamshi ya chuki ya kikabila: rangi, asili, utaifa, kabila. Faini isiyozidi shilingi milioni moja, au kifungo kisichozidi miaka mitatu, au vyote. Ukisema chama fulani ni cha wezi, umekosa adabu tu. Ukisema kabila fulani ni wezi, umeingia kwenye sheria. Hiyo tofauti ifundishwe siku ya kwanza ya kazi, kwa sababu watu wanavuka kutoka moja hadi nyingine ndani ya sentensi moja.

Halafu hoja yako ya kabila ilikuwa na nguvu kwenye chaguzi za 2007 na 2017. Sasa niambie Juni 2024, maandamano ya kupinga Mswada wa Fedha, ofisi ziligawanyika vipi? Wa chini ya miaka 30 upande mmoja, walio na mikopo ya nyumba na karo upande mwingine. Kabila halikueleza chochote pale. Mabosi wengi hawakujua hata wapatanishe vipi, kwa sababu walizoea kuwaketisha wazee wa jamii mbili.

#25 Kipkorir_Mrefu

Hilo la 2024 nakubali. Nusu.

#26 Shekhe_wa_Forodhani

Assalaam alaykum. Nyie wa bara mwazungumza karatasi na grupu. Zanzibar, tangu uchaguzi wa 1995, ilifika hadi mtu wa CCM, chama tawala, na mtu wa CUF, wapinzani, hawazikani, hawanunui duka la mwenziwe, na baraza ya kahawa yajulikana ya nani. Kazini ndiyo hiyo hiyo: watu wawili chumba kimoja, salamu hakuna. Muafaka ukatiwa saini 1999. Ukatiwa mwengine 2001 baada ya damu ya Januari mwaka ule. Hali haikutengemaa. Kilichogeuza ni Rais Karume na Maalim Seif wa CUF kukutana Novemba 2009, kisha kura ya maoni ya Julai 31, 2010, asilimia 66.4 wakaridhia Serikali ya Umoja wa Kitaifa. Wakubwa walipokaa, wadogo wakaanza kuamkiana. Mimi naona moto washuka kutoka juu. Ukaupulize chini, hauzimiki.

#27 Ouma_wa_Viwandani

Shekhe, huku tuliona hivyo Machi 9, 2018. Uhuru na Raila wakashikana mikono pale Harambee House, na watu waliokuwa wamehama meza za chakula tangu uchaguzi wa Agosti 2017 wakabaki wakitazamana. Lakini hiyo inaniuma zaidi. Kama mkono mmoja unatosha kumaliza, mbona mimi nilipoteza rafiki wa kazi?

#28 Bibi_Kaunta

Na ndiyo maana siamini hiyo ya juu. Wakubwa wakikosana tena, si mnarudi pale pale? Taratibu za chini zinahitajika kwa sababu za juu hazitabiriki.

#29 Msimamizi_wa_Jukwaa

Nimefuta komenti mbili zilizotaja makabila kwa matusi. Uzi ni mzuri, msiuharibu.

#30 Mama_Mishahara

Kuna jambo hatujaligusa na ni zito. Baada ya uchaguzi wa Tanzania wa Oktoba 29, 2025 mtandao ulizimwa, Dar kukawa na amri ya kutotoka usiku, kisha watu wakarudi kazini kila mmoja na picha yake ya kilichotokea. Wengine wamezika. Idadi ya waliofariki bado inabishaniwa.

Kwa hali kama hiyo taratibu za #12 hazitumiki. Aliyefiwa habishaniwi. Usitaje takwimu mbele yake, za upande wowote, na usimwambie "tusubiri ripoti". Toa pole, uliza umshikie kazi gani. Sheria inampa siku zisizopungua 4 za malipo anapofiwa na mzazi, mwenza, mtoto, ndugu wa kuzaliwa naye, babu, bibi au mjukuu. Mtu wa utumishi asiulize kifo kimetokana na nini zaidi ya kinachohitajika kwenye fomu. Na mchango wa rambirambi wa idara uwe kiwango kilekile cha msiba mwingine wowote. Ukipungua, watu watasoma.

#31 Mzee_wa_Mapatano

#30 naunga mkono mwanzo hadi mwisho.

Niongeze kipimo kwa wasimamizi. Msisubiri kelele, kelele huja mwishoni. Angalieni michango. Mtu akitolewa kwenye kibati (mchango wa kupokezana), au harusi ya mmoja ikachangiwa na nusu tu ya idara, au watu wakaanza kuomba kubadilishana zamu bila sababu ya kueleweka, ugomvi umeshakomaa wiki kadhaa. Kipimo kingine ni makabidhiano ya zamu. Yaliyozoeleka kuwa ya mdomo yakigeuka kikaratasi kilichoachwa mezani, uliza. Kwenye wodi au mtambo, kikaratasi hicho kinaweza kumuumiza mtu asiyehusika kabisa.

#32 Afisa_Utumishi_Mwanza

Mzee, ukishagundua unafanyaje? Mimi nawaita wote wawili siku hiyo hiyo, chumba kimoja, yaishe.

#33 Mzee_wa_Mapatano

Siku hiyo hiyo ndiyo, chumba kimoja hapana. Siku ya kwanza unamsikiliza kila mmoja peke yake, dakika 20 hivi, unaandika alichofanya mwenzake: tarehe, mahali, maneno yenyewe. Akisema "ana dharau", muulize alifanya nini hasa. Kesho yake ndiyo unawaketisha pamoja. Kwenye meza hiyo maoni ya kisiasa hayajadiliwi kabisa, yanajadiliwa matendo: kutosalimia, kuficha ufunguo, kumsema mbele ya mteja. Wakubaliane mambo matatu, yaandikwe, wasaini, kila mmoja nakala. Wiki mbili baadaye uliza tena. Hatua hii ya mwisho ndiyo inayorukwa, na ndiyo maana kesi zinarudi.

#34 Afisa_Utumishi_Mwanza

Kusaini kunaogopesha. Mtu anaona ni onyo limeingia kwenye faili. Kwangu wakishasikia kalamu wanakataa hata yaliyokubaliwa kwa mdomo.

#35 Wakili_wa_Kiporo

Wote mko sahihi kwa kesi tofauti. Andika juu kabisa: "Makubaliano haya si hatua ya kinidhamu", halafu uyaweke mbali na faili lake binafsi. Kama kulikuwa na tishio au kupigana, usipatanishe kwanza, fuata utaratibu wa nidhamu.

#36 Mbongo_Minnesota

Huku Marekani wengi wanadhani Marekebisho ya Kwanza ya Katiba yanawalinda kazini. Yanaibana serikali. Mwajiri binafsi, majimbo mengi, anaweza kukuondoa kwa ulichoandika mtandaoni, na Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 haitaji siasa. California wana sheria yao inayolinda shughuli za kisiasa za mfanyakazi. Watumishi wa serikali kuu wanabanwa na Sheria ya Hatch ya 1939. Wabongo wenzangu huku, tusibishane kwa barua pepe ya kampuni. Ni mali ya kampuni.

#37 Siti_ya_Mbele

Minnesota baridi vipi?

#38 Mbongo_Minnesota

Usiulize.

#39 Chalii_wa_Usiku

Niko na kesi ya kiufundi. Zamu ya usiku, walinzi wawili, kwa muda wa saa 12, kibanda kimoja. Hakuna kantini, hakuna mzee wa kusema basi, na huwezi kuondoka lindoni. Mipaka ya #1 inafanyaje kazi hapo?

#40 Karani_wa_Zamu

Haifanyi, nakubali. Kwa watu wawili ninachokijua: mada iwekwe mwanzoni mwa zamu, siyo saa nane usiku. Usingizi unapobana ulimi unakuwa mkali. Wapeane doria kwa zamu, mmoja akizunguka mwingine yuko kibandani, kila baada ya saa moja. Na mpangaji asiwaweke hao hao wawili usiku zaidi ya wiki mbili mfululizo.

#41 Mtani_wa_Kudumu

Sheria inasema nyongeza ya usiku ni angalau asilimia 5 ya mshahara wa msingi wa saa, kwa kila saa ya usiku. Haitoshi kusikiliza hotuba ya mwenzako mpaka alfajiri.

#42 Chalii_wa_Usiku

😂 Na redio je? Ni moja, na yeye anaweka kituo kile kile cha mijadala usiku kucha.

#43 Bibi_Kaunta

Saa kwa saa. Yeye saa yake, wewe saa yako.

#44 Chalii_wa_Usiku

Redio ni yake.

#45 Bibi_Kaunta

Betri nani ananunua?

#46 Chalii_wa_Usiku

Mimi.

#47 Siti_ya_Mbele

Sasa hapo ndipo mazungumzo yanaanzia, mkuu.